Kisichosemeka na Kisichosemwa

Mwaka 1981 nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha tano katika shule moja ya sekondari ya bweni. Siku moja, katika kusoma kwetu, tulikutana na neno ambalo vijana wangu hawakuwa wameliona kabla: "ineffable". Nikawaambia, kwa ushupavu wa mwalimu aliyekesha na kamusi usiku uliotangulia, kwamba neno hilo husemwa juu ya jambo lisiloweza kuelezwa kwa maneno. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu," akasema, "kama halielezeki, wewe umelielezaje?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka pamoja nao, nikafuta ubao, somo likaendelea.

Ubao ulifutika, lakini swali lile halikufutika. Miaka mingi baadaye niligundua kwamba kijana yule, pasipo kujua, alikuwa amerudia swali la Mwafrika mwenzake aliyeishi karne nyingi kabla yake. Huyo alikuwa Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba, nchini Algeria. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, alichoanza kukiandika karibu na mwaka 397, Augustino alimzungumzia Mungu kwa kitambo, kisha akasita. Alikiri kwamba hakuwa amesema lolote linalomstahili Mungu, kwa kuwa Mungu hasemeki. Hapo hapo akajinasa mwenyewe: ukisema kwamba Mungu hasemeki, umekwisha kusema kitu juu yake, basi hata neno hilo halimfai. Akaona ni afadhali kulinyamazia fumbo hilo kuliko kulipigania kwa hoja. Hata hivyo hakuacha kuandika. Alisema kwamba Mungu, ijapokuwa hakuna linalomtosha, amekubali kusifiwa kwa sauti za wanadamu.

Neno alilolitumia Augustino katika Kilatini chake ndilo mama wa neno lililonitia aibu darasani. Naomba msomaji tufuatane kidogo katika safari yake, kwa sababu safari hiyo imenifundisha jambo moja la nyumbani kwangu ambalo sikuwa nimelitafuta katika vitabu.

Warumi wa kale walikuwa na kitenzi "fari", yaani kunena. Wakakiongezea mwanzoni silabi ya kuonyesha kutoka nje, wakapata "effari", kulitoa neno kinywani. Wakakitia mwishoni kiambishi cha kuonyesha kwamba jambo lawezekana, kisha mbele kabisa wakaweka "in", alama ya kukanusha. Ndivyo lilivyopatikana "ineffabilis". Mswahili hatashangaa, maana nasi tuna ufundi wa namna hiyo. Twachukua nena, twalitia ka mwishoni likawa neneka, kisha twakanusha: halineneki. Vivyo hivyo twasema halisemeki, halitamkiki, halielezeki. Warumi na Waswahili hawakukutana kushauriana, lakini kila mmoja aliona kwamba haja hiyo ipo, akatengeneza chombo chake.

Kitenzi hicho cha kunena kilizaa ukoo mkubwa, na Waingereza wamerithi sehemu kubwa ya ukoo huo. Hadithi ya kubuni ni "fable", yaani kinachonenwa. Sifa inayosambaa ni "fame", yaani kinachonenwa na watu. Majaaliwa ni "fate", yaani lililokwisha kunenwa na lisilotanguka. Utangulizi wa kitabu ni "preface", lile linalonenwa kabla. Mtu asiyejikweza, ambaye kila mtu aweza kumwendea akazungumza naye, ni "affable". Na katika ukoo huo yumo mdogo kuliko wote, "infant", mtoto mchanga, ambaye jina lake katika Kilatini maana yake ni asiyenena. Huyo naomba tumweke kando kwa sasa. Nitamrudia.

Kabla ya Warumi, Wagiriki walikuwa na neno lao la maana hiyo, "arrhetos", nao walilitumia mahali pawili ambapo, ukitazama upesi, havihusiani kabisa.

Mahali pa kwanza ni hisabati. Chukua mraba ambao kila upande wake ni mita moja, kisha upige mstari kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Mstari huo una urefu gani? Utaanza kuandika 1.414 na utaendelea kuongeza tarakimu hadi mwisho wa maisha yako, wala hutafika. Wala hakuna sehemu ya namba kamili mbili, kama vile saba juu ya tano, itakayokupa urefu huo barabara. Kwa Wagiriki urefu wa namna hiyo ulikuwa hauneneki. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu wakauita "asamm", yaani kiziwi. Wafasiri wakauhamishia katika Kilatini kwa neno lenye maana hiyo hiyo, na mpaka leo Kiingereza cha hisabati huiita namba hiyo "surd". Lakini angalia jambo moja. Fundi seremala yeyote mwenye rula na penseli aweza kuuchora mstari huo kwa dakika moja, akaukata ubao sawasawa. Hautamkiki kwa namba kamili, ila upo na unachoreka.

Mahali pa pili ni dini. Katika mji wa Eleusis, karibu na Athene, palikuwa na ibada za siri za mungu wao wa kike Demeter. Mambo yaliyoonwa na kusikiwa humo yaliitwa kwa neno lile lile. Lakini hayo hayakushindikana kusemwa. Walioingia waliyajua vizuri na walikuwa na ndimi za kuyasimulia. Walikatazwa tu, na adhabu yake ilikuwa kali. Mwaka 415 kabla ya Kristo, jemadari Alcibiades alihukumiwa kifo na Waathene, naye akiwa hayupo, kwa kushtakiwa kwamba aliziigiza ibada hizo nyumbani kwa dhihaka.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha habari yote. Tangu zamani neno moja limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni wa jambo ambalo ulimi hauliwezi. Mzigo wa pili ni wa jambo ambalo ulimi unaliweza lakini umezuiwa. La kwanza ni kisichosemeka. La pili ni kisichosemwa.

Kiingereza kililipokea neno "ineffable" mwishoni mwa karne ya 14 au katika karne ya 15, kwa kupitia Kilatini cha kanisa na Kifaransa, nacho kikaipokea mizigo yote miwili. Milton, katika utenzi wake mkuu wa mwaka 1667 juu ya kupotea kwa Paradiso, alilitumia kwa nuru ya Mwana wa Mungu, nuru ipitayo maneno. Lakini Waingereza walilitumia pia kwa jina la Mungu la Kiebrania lenye herufi nne. Jina hilo, kwa mapokeo ya Wayahudi, lilitamkwa na kuhani mkuu katika Hekalu la Yerusalemu Siku ya Upatanisho, hadi Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70. Mahali pake msomaji husema "Adonai", maana yake Bwana wangu. Jina hilo herufi zake zimeandikwa, zinaonekana. Halitamkwi kwa heshima na kwa hofu.

Mimi nililielewa jambo hili kwa urahisi kwa sababu ya bibi yangu. Nyumbani kwetu, upande wa Tanga, nyoka hakutajwa usiku. Ukimwona ulisema, "Bibi, kuna kamba mlangoni," naye alijua, akachukua fimbo. Sisi wajukuu tulilijua sana jina la nyoka, na mchana tulilipiga kelele. Usiku lilikuwa haramu, kwani iliaminika kwamba anayetajwa huitika.

Kuna na upande wa kuchekesha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliona haya kuitaja suruali mbele ya akina mama. Baadhi yao, kwa mzaha, wakaiita "ineffables", yaani zisizosemeka. Neno lililotumika kwa nuru ya mbinguni likashuka likavalishwa miguuni! Nasi tusiwacheke mno, maana Kiswahili kimejaa tafsida. Twasema fulani ni mja mzito, twasema amekwenda kujisaidia, twasema marehemu ametutoka. Kila jamii ina zake za kufunika.

Neno "ineffable", hata hivyo, lilirudi juu upesi. Lililoanguka lisiinuke ni ndugu yake wa Kiingereza cha asili, "unspeakable". Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 neno hilo lilielezea furaha ya waamini katika waraka wa kwanza wa Petro, na kipawa cha Mungu katika waraka wa pili kwa Wakorintho. Lilikuwa neno la sifa. Leo Mwingereza akisema kwamba jambo ni "unspeakable", mara nyingi ana maana ya ukatili, uchafu, au aibu. Ndugu wawili wenye maana moja wamegawana nchi: mmoja amepewa mbingu, mwingine amepewa mashimo. Nadhani hiyo si bahati tu. Furaha kuu na uovu mkuu vyote hutuacha midomo wazi, nasi tukahitaji namna ya kuvitenga.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanafalsafa walilichukua jambo hili kwa uzito. William James wa Marekani, katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh na kuichapisha mwaka 1902, alizitaja alama nne za kumtambulisha mtu aliyeguswa na hali ya kiroho isiyo ya kawaida, na alama ya kwanza ni hiyo ya kutosemeka: mwenye nayo hukiri mara moja kwamba maneno hayaitoshi. Ludwig Wittgenstein, aliyekiandika kitabu chake akiwa askari wa Austria katika Vita Kuu ya Kwanza, alikifunga kwa kutuagiza tuyanyamazie yale tusiyoweza kuyasema. Kitabu hicho kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1921, na agizo lake limerudiwa sana tangu wakati huo.

Mimi silibishi agizo hilo. Ninachouliza ni hiki: nani anayeamua kwamba jambo fulani haliwezi kusemwa? Mara ngapi tumeambiwa halisemeki, kumbe halisemwi tu?

Jibu moja zito lilitoka hapa kwetu, Arusha. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, watu wengi walisema kwamba yaliyotokea hayasemeki. Nilisema hivyo mimi pia, na nilidhani kwamba ni heshima. Lakini Umoja wa Mataifa uliunda mahakama iliyoketi Arusha hadi ilipofungwa rasmi mwisho wa mwaka 2015, na mashahidi zaidi ya 3,000 walitoa ushahidi. Waliyasema. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, hati ya mashtaka haikuwa na neno hata moja la ubakaji wakati kesi inaanza mapema mwaka 1997. Mashahidi wanawake waliposimama na kueleza yaliyowapata wao na binti zao, hati ile ikabidi irekebishwe katikati ya mwaka huo. Majaji ilibidi hata wachambue maneno ya Kinyarwanda yaliyotumiwa na mashahidi, kwa kuwa mengine yalikuwa ya kufunika, kama tafsida zetu. Tarehe 2 Septemba 1998 hukumu ikatolewa, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba wanawake wale waliyamaliza maumivu yao kwa kuyatamka. Hakuna hukumu yenye maneno ya kutosha. Lakini kama wangekubali kwamba yao hayasemeki, sheria isingeyajua. Kulikuwa na sehemu isiyosemeka, na hiyo ilibaki nao. Kulikuwa na sehemu isiyosemwa, na hiyo waliitoa, kwa gharama waijuayo wenyewe.

Jambo langu ni dogo mbele ya hayo, lakini ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo sitalificha.

Nilipostaafu mwaka 2004, nilinunua Dar es Salaam, kwa muuza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, kamusi nene ya Kiingereza yenye asili za maneno. Nikaanza kuyatafuta maneno yaliyonisumbua kazini. Nilipofika kwenye lile la mwaka 1981 nilifurahi kuuona ukoo wake: hadithi, sifa, majaaliwa, utangulizi. Kisha nikafika kwa mtoto mchanga, asiyenena. Nikaifunga kamusi.

Mwaka 1976, katika masika, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume. Aliishi siku tano. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, naye hakuifikia. Shangazi yangu, kwa nia njema kabisa, alitusihi tusimtaje, ili njia ya watakaomfuata iwe nyeupe. Mimi nilikubali upesi. Nilijiambia kwamba uchungu ule hausemeki, na kwa kuwa hausemeki, nimekwisha kutimiza wajibu wangu. Baadaye akazaliwa Rehema, kisha wadogo zake wawili. Kila nilipoulizwa nina watoto wangapi nilijibu watatu. Mke wangu, akiwa karibu, alikuwa akiinamisha macho na kujitafutia kazi ya mikono. Nililiona hilo kwa miaka 28 na sikuuliza.

Siku ile ya kamusi nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama Rehema, leo nimesoma kwamba Warumi walimwita mtoto mchanga asiyenena."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Hakunena yeye. Na wewe je?"

Nikamjibu kwamba niliona jambo lile halisemeki.

"Wewe ndiye uliyesema halisemeki," akasema. "Mimi sikusema hivyo. Mimi nilinyamazishwa. Baba Rehema, nilikuwa nangoja uniulize."

Nikamwuliza. Ungo ukawekwa chini. Alinieleza mambo ambayo sikuyajua, kwa kuwa siku zile tano nilikuwa nazunguka kutafuta fedha na usafiri. Alinieleza kwamba mtoto alikuwa na nywele nyingi, kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja kama jani, kwamba alikishika kidole cha mama yake na hakukiachia hata alipolala. Aliniambia pia kwamba alimpa jina, usiku wa mwisho, bila kumshauri mtu. Tulizungumza hadi adhana ya magharibi. Hatukuumaliza uchungu, na sidhani kwamba unamalizika. Kilichobaki baada ya maneno yetu yote kilikuwa kikubwa kuliko maneno yetu. Lakini sasa nilijua ukubwa wake, kama fundi aliyekwisha kuuchora mstari wake ubaoni, ingawa namba yake kamili hataipata.

Jina lenyewe silitaji hapa. Si kwamba halitamkiki, wala hakuna aliyenikataza. Ni la mama yake, na ameniomba libaki nyumbani.

Tangu siku ile nikisikia mtu anasema juu ya jambo lake kwamba halisemeki, simbishii. Inawezekana amefika kweli ukingoni mwa lugha, kama Augustino, na hapo kimya ni adabu. Ila huwa najiuliza kimoyomoyo ni mzigo upi kati ya ile miwili. Na kama ni mtu wa karibu, humwuliza kwa upole, kisha nikakaa. Kiswahili kimetupa neno "pole" kwa saa za namna hiyo. Halielezi kitu, halidai kitu, lakini hufungua mlango. Kosa letu ni kulisema na kuondoka.

Na yule kijana wa dawati la nyuma, kama bado yu hai, ningependa alipate jibu lake, ingawa limechelewa mno. Mwanangu, sikulieleza. Nilionyesha tu mahali ambapo maneno hukoma, na ili kupaonyesha ilinibidi nitembee nayo hadi hapo. Kosa langu lilikuwa kwamba mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, nilisimama mapema mno.

Sasa nikiulizwa nina watoto wangapi, najibu wanne, na wa kwanza tulimzika.